Gari Lililosimama Mlima Gannon

Mheshimiwa Meya, Mama Mkurugenzi wetu, Marian Prisk, wazee wenzangu wa karakana ya injini, madereva wa zamani na wa sasa, wageni waalikwa, na ninyi mafundi mliokaa juu ya matairi kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha:

Naomba radhi kwa kimya changu. Mara ya mwisho nilipopanda jukwaa hili ilikuwa mwaka 1967, na leo ni 1999. Kila mwaka mmenialika kwenye sherehe ya kampuni, na kila mwaka nimejibu kwa barua ya mistari miwili kwamba mgongo unanisumbua. Mgongo wangu ni mzima. Mmeniona nikipanda ngazi hizi bila kushikwa mkono. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kukutana na mtu mmoja, na mtu huyo yumo humu ukumbini, safu ya nne karibu na dirisha, mkewe kando yake. Nimekuja kumwomba jambo mbele yenu nyote, naye ana haki kamili ya kunikatalia. Nitafika huko. Lakini siku ambayo Prisk inatimiza miaka hamsini, siku ambayo nyuma yangu kuna gari jipya la mashindano chini ya turubai, nani atanisamehe nikianza na majuto?

Kwa wasionijua: naitwa Alwyn Penhale. Nina umri wa miaka sabini na mitatu. Nilikuwa mkuu wa timu ya mashindano ya Prisk kwa miaka kumi na miwili, na watu wazima walikuwa wakizima sigara waliposikia viatu vyangu. Naona wengine wanacheka. Mnacheka leo. Siku zile hamkucheka.

Kampuni hii, mabibi na mabwana, ilianzishwa na fundi wa pampu za maji. Clem Prisk alikuwa akizunguka mashamba ya hapa Kadina akitengeneza pampu, na mwaka 1949, katika banda lililokuwa la kuhifadhia sufu, alitengeneza gari. Aliliita Corella. Lilikuwa na viti viwili. Paa halikuwa nalo, milango halikuwa nayo, na mvua iliponyesha dereva alikaa ndani ya bakuli la maji. Lakini lilikuwa jepesi! Watu wanne waliweza kulinyanyua na kuligeuza lielekee kwingine, na nimewaona wakifanya hivyo mtaani, kwa kuwa gia ya kurudi nyuma ilikuwa bado haijakamilika.

Mwaka 1953 Clem alilipeleka Corella kwenye mashindano yake ya kwanza ya magari ya spoti, katika uwanja wa ndege wa zamani wa vita. Aliliendesha mwenyewe, amevaa tai. Mkaguzi akalizunguka gari mara mbili, akainama, akauliza, "Mzee, breki zako ziko wapi?"

Clem akamjibu, "Zipo, zipo. Ila sijazitumia sana."

Alishinda. Alishinda kwa mzunguko mzima, na tai yake ilikuwa imepeperukia mgongoni ikakaa huko hadi alipokabidhiwa kikombe.

Katika banda hilohilo kulikuwa na msichana wa miaka kumi na tisa aliyeajiriwa kushona ngozi za viti. Siku moja, sindano mkononi, alisimama mbele ya injini iliyokuwa ikinguruma, akasema, "Mzee Clem, huyo wa tatu anakohoa."

"Wa tatu yupi?"

"Kutoka mbele. Mimi si fundi, mimi nashona tu. Ila huyo wa tatu anakohoa."

Mafundi wakamcheka. Wakaifungua injini ili wapate kumcheka vizuri zaidi, wakakuta valvu ya silinda ya tatu imeungua. Clem akamwambia, "Kesho usije na sindano. Njoo na ovaroli." Msichana huyo ni Lorna Rodda, ambaye aliunda injini zetu zote za mashindano kuanzia siku hiyo mpaka idara ya mashindano ilipofungwa. Simama, Lorna, wakuone. Hataki. Basi, wamekuona.

Mwaka 1958 tulikwenda Perth, kwenye mashindano ya saa sita ya magari ya spoti. Nasema tulikwenda, na nataka vijana wa leo wanielewe vizuri: tuliyaendesha magari yenyewe ya mashindano, kwa barabara ya kawaida, kuvuka tambarare yote ya jangwa, siku nne za vumbi. Lori la kubebea magari hatukuwa nalo, na hata kampuni ilipoweza kununua lori, Clem alikataa. Alikuwa akisema kwamba gari lisiloweza kufika mashindanoni kwa magurudumu yake halina haki ya kushinda. Namba za ubavuni tulizifunika kwa magazeti ili polisi wasitusimamishe. Walitusimamisha hata hivyo, lakini wengi wao walitaka tu kuona injini. Magari matatu yalikwenda Perth. Magari matatu yakashika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Na magari matatu yakarudi nyumbani kwa barabara ileile, madereva wakiwa wamevaa mashada ya maua yaliyokauka shingoni. Je, ni timu gani duniani imewahi kufanya hivyo? Nauliza kwa dhati. Mkijua, mniambie.

Sasa niwaeleze kanuni.

Clem alikuwa na kanuni moja juu ya nyingine zote: gari la Prisk halimpiti mtu aliyefungua boneti kando ya barabara. Mnajua barabara zetu za kaskazini. Mtu akiharibikiwa na gari kule mwezi wa Januari, kiangazi kikiwa kikali, na maji yake yakamwishia, anaweza kufa kabla gari la pili halijapita. Wajaribu wetu wa magari walikuwa wakienda maili mia sita kwa wiki katika barabara hizo. Basi Clem akaagiza wasimame. Alikuwa pia mfanyabiashara, simfichi: mkulima aliyeokolewa na Prisk hakununua tena gari la kampuni nyingine.

Clem alitoa wazo. Maneno niliyaandika mimi, ukurasa wa kwanza wa kitabu cha wajaribu: "Dereva atasimama. Atashuka. Atauliza. Hakuna kisingizio." Niliisimamia kanuni hiyo kama nilivyosimamia kila kitu. Niliwahi kumwondoa mjaribu mmoja barabarani kwa wiki mbili, nikampa ufagio wa karakana, kwa sababu alimpita mchungaji wa kondoo karibu na Port Augusta, akadai eti alikuwa anachelewa chai. Nilimwambia hivi: sitaki ukumbuke kusimama; nataka usiweze kupita.

Mjaribu wangu bora alikuwa Bruno Tessaro. Alikuja Australia na wazazi wake kutoka Friuli, Italia, akiwa na miaka kumi na mitano, akaanza kazi ya kujaribu magari akiwa na kumi na tisa. Kwa miaka kumi na mmoja, kitabu kinaonyesha, alisimama mara mia sita na kumi na mbili. Nimezihesabu mwenyewe hivi karibuni. Alibadilisha matairi, alifunga mikanda ya feni kwa soksi za wenyewe, alimpeleka hospitali ya Whyalla mama mjamzito pamoja na mbuzi wake, maana mama alikataa kumwacha mbuzi. Na dereva! Mabibi na mabwana, yule alikuwa dereva. Wengine walilipigania gari kwenye kona. Bruno alionekana kama anazungumza nalo, nalo likakubali.

Wateja wetu walizaa watoto, wakataka gari la milango minne. Tukawaundia Brolga, na Brolga likatuingiza katika mashindano ya magari ya kawaida, yale ambayo kila gari lazima liwe sawa na linalouzwa dukani. Mashindano makubwa ya aina hiyo, kwetu sisi, yalikuwa moja tu: maili mia tano za Mlima Gannon. Mwaka 1964 tulikuwa wa kwanza katika kundi la magari madogo. Mwaka 1966 tulikuwa wa tatu kati ya magari yote, makubwa na madogo. Mwaka 1967 Clem alifariki mwezi wa Machi, na tulikwenda mlimani mwezi wa Oktoba bila yeye, kila mmoja wetu akijua, bila kusema, kwamba safari hii lazima tushinde.

Timu kubwa ya Melbourne ilikuwa na injini kubwa mara mbili ya yetu. Fundi wao mmoja alimwona Lorna akiondoa magazeti ubavuni mwa Brolga namba 27, akamwita, "Mama! Hiyo mmeleta gari au kabati la vyombo?"

Lorna hakugeuka hata kumtazama. "Kabati, mwanangu. Tumekuja kuwapanga ninyi humo."

Na tuliwapanga! Mizunguko mia na thelathini ya mlima ule! Magari yao yalikuwa na nguvu za kupanda, lakini yalikuwa mazito ya kushuka, na kila yaliposhuka breki zao zilitoa moshi kama jiko la kuni. Letu lilishuka kama jiwe. Mzunguko wa hamsini tulikuwa wa sita. Mzunguko wa themanini tulikuwa wa tatu. Mzunguko wa mia na kumi Bruno alimpita Kev Stodart, dereva wao mashuhuri, kwa upande wa nje wa kona, mahali ambapo hakuna njia, na watu waliokuwa kilimani wakasimama wote kwa pamoja. Nikakitupa kikombe cha chai. Mimi! Lorna anaweza kuthibitisha. Alikuwa amevaa sketi nyeupe.

Ilibaki mizunguko tisa. Tulikuwa tunaongoza kwa sekunde thelathini na nane. Stodart hakuonekana tena; tulidhani ameharibikiwa, na ni kweli. Wa pili sasa alikuwa mwenzake, katika gari jingine la Melbourne. Nilikuwa kituoni kando ya njia, saa mkononi, Lorna kando yangu na saa yake.

Akasema, "Amechelewa."

"Sekunde mbili tu."

"Amechelewa, Alwyn."

"Saa yako imekufa."

"Saa yangu nzima kabisa. Dereva wako ndiye sijui."

Gari la Melbourne likapita mbele yetu. Likapita peke yake.

Yaliyotokea kule juu ya mlima yalisimuliwa na Stodart mwenyewe, kesho yake, kwa waandishi wa habari wote waliotaka kusikia. Bomba lake la petroli lilikuwa limekatika. Alikuwa ameliegesha gari kwenye majani, amefungua boneti, anatazama tu. Akasikia breki. Akageuka, akaona Brolga namba 27, kinara wa mashindano, limesimama nyuma yake taratibu, na taa ya pembeni inawaka. Bruno akashuka, kofia ya chuma kichwani.

"Vipi, ndugu, shida nini?"

Stodart akadhani jua limemwingia kichwani. "We! Unafanya nini hapa?"

"Una maji ya kunywa?"

"Maji? Mwendawazimu we, unaongoza! Nenda zako!"

"Una uhakika huhitaji kitu?"

"Nenda, Bruno! Nendaaa!"

Hapo ndipo Bruno alipozinduka. Alikimbia, akaruka ndani. Injini ya moto ilikataa kuwaka mara ya kwanza, ikakataa mara ya pili. Stodart, mpinzani wetu, alilisukuma lile gari kwa mabega yake mpaka likawaka. Sekunde arobaini na moja zilikuwa zimepotea, na tulikuwa na thelathini na nane.

Lakini sikilizeni mizunguko minane iliyofuata! Nimeona mashindano mengi, na sijaona kitu kama kile kabla wala baada ya siku hiyo. Bruno aliendesha kila mzunguko kwa kasi kuliko ule uliotangulia. Alikuwa nyuma kwa sekunde tatu. Gari la Melbourne lilimkimbia kwenye mwinuko, naye akalifikia kwenye mteremko. Likamkimbia tena, akalifikia tena. Watu elfu ishirini walipiga kelele hata sikuisikia injini. Mzunguko wa mwisho waliingia kona ya mwisho ubavu kwa ubavu. Tulishindwa kwa urefu wa boneti moja.

Akashuka. Nikamwendea. "Umefanya nini kule juu?"

"Boneti ilikuwa wazi, bosi."

"Yalikuwa mashindano!"

"Najua, bosi. Mguu ndio haukujua."

Sasa nasema nililokuja kusema. Ningeweza kuvumilia kushindwa. Sikuweza kuvumilia kichekesho. Magazeti ya Melbourne yalichora Brolga lenye msalaba mwekundu wa gari la wagonjwa. Watoto waliniita mitaani, "Bwana Penhale, baiskeli yangu imeharibika, utasimama?" Siku ya nne nilimwandikia Bruno Tessaro barua ya kumfukuza kazi. Kisha katika gazeti letu la kampuni nikaandika kwamba Bwana Tessaro ameacha kazi kwa hiari yake. Sentensi hiyo haikuwa ya kweli. Niliiandika mimi, na sikumwambia mtu kwa miaka thelathini na miwili. Mwaka uliofuata hatukuwa na dereva wa kufanana naye, hatukushinda popote, na idara ya mashindano ikafungwa. Wengi wenu mnaamini ilifungwa kwa sababu Clem alikufa. Sivyo. Niliifunga mimi kwa barua ile.

Bruno alifungua gereji yake barabara ya Moonta, maili tano kutoka geti hili. Anatengeneza matrekta. Mara moja nilimkuta dukani kwa mwokaji, amenipa mgongo. Nikageuka nikatoka bila pasti za nyama nilizotumwa, na nyumbani nikasema zimekwisha.

Mwezi wa Julai mwaka huu Mama Marian alikuja kwangu. Akaniambia kwamba namba 27 limefufuliwa, kila kitu ndani yake kinafanya kazi. Kwamba mwezi wa Oktoba, siku gari letu jipya litakaposhindana kwa mara ya kwanza Mlima Gannon, gari la zamani litatangulia magari yote katika mzunguko wa heshima. Na kwamba waandaaji wanataka jina la dereva kabla ya mwisho wa mwezi huu. Akasema, "Mzee Penhale, chagua wewe." Nikaomba kitabu cha wajaribu, nikakisoma usiku na mchana, mara zote mia sita na kumi na mbili. Ndipo nikaelewa jambo ambalo mtu mwenye akili angelielewa siku ileile. Nilidai utii ambao hauna nafasi ya kufikiri. Mtu mmoja kati ya wote akanipa utii huo, wote, mpaka kwenye mguu. Nami nikamfukuza kwa sababu hiyo.

Bruno, ndugu yangu. Nilikukosea. Nilikukosea kwanza kwa barua, kisha kwa gazeti, kisha kwa kimya, na kimya kilikuwa kirefu kuliko vyote. Naomba unisamehe, kama unaweza. Na hata kama huwezi, naomba uliendeshe namba 27 Mlima Gannon mwezi wa Oktoba. Gari lile ni lako. Hayo mawili usiyafunge pamoja. Unaweza kukubali la pili na kunikatalia la kwanza.

Ninasubiri. Sina haraka.

Anatazama chini. Tumwache atazame.

Mama Assunta, mkewe, amesimama. Karibu, mama, sema. Kwa walio nyuma wasiosikia, narudia maneno yake kama alivyoyasema: "Miaka thelathini na miwili hujakanyaga mlango wangu, halafu leo unatuuliza mbele ya Meya, ili tuone aibu kukataa? Wewe Alwyn hujabadilika. Ukitaka jibu, njoo nyumbani Jumapili, saa saba, ukae mezani, uulize kama watu wanavyoulizana."

Ana haki. Hilo sikuliona. Niliandaa hotuba hii kwa wiki tatu, na hilo sikuliona. Mama, nitakuja Jumapili saa saba.

Ndiyo, Bruno? Sema kwa sauti.

Anauliza kama klachi imebadilishwa.

Lorna anasema ni mpya, ameifunga kwa mikono yake, na imewekwa nzito kidogo kama ulivyokuwa unapenda. Mama Assunta anamwambia Bruno anyamaze, hakuna mazungumzo ya klachi mpaka Jumapili. Basi, sote tumenyamaza.

Mama Mkurugenzi, nakuachia jukwaa uondoe turubai, maana naona vijana kule nyuma hawawezi kukaa tena, na mimi pia nataka kuliona. Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Jumapili nitakaa mezani kwa watu hawa na nitauliza vizuri. Watakapokuwa wameamua, liwe ndiyo au liwe hapana, nitawaandikia ninyi jibu lao.